Mwanangu, niambie unakulaje

Mwanangu kitindamimba,

Ujumbe wako wa Jumapili usiku nimeusoma mara nne. Umeandika: “Mama, wiki ya tano sasa chakula kinanikwama juu ya kifua, hasa nyama na ugali. Maji yanapita vizuri. Ule ugonjwa wa babu ni wa kurithi?” Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu utaniambia “Mama usihofu” kabla sijafika ninapotaka kufika.

Habari ya kurithi nitakujibu. Ila kuna jambo ninalolihitaji zaidi na hukuliandika: siku hizi unakulaje? Sijauliza unaumwaje. Nyama unaikata vipande vidogo kuliko zamani? Unashushia maji kila baada ya tonge? Wenzako wanamaliza na wewe bado unatafuna? Mtu mwenye shida ya kumeza hujizoesha taratibu, leo anaacha nyama, kesho anaacha ugali, na ukimuuliza atakuambia hamu tu haipo. Mimi siku hizi simsikilizi mtu anavyosema kuhusu kula kwake. Natazama sahani. Nilijifunza hivyo nikiwa nimechelewa, nawe utaona nina maana gani.

Nimefurahi umetumia neno “kukwama”. Zahanati nzima ilinijua kwa swali hilo miaka yangu ya mwisho kazini: unapaliwa au kinakwama? Watu waliona ni kitu kimoja, kumbe ni njia mbili tofauti za ugonjwa. Kupaliwa ni pale maji au chakula kinapokosea njia kikaelekea kwenye hewa, ukakohoa, machozi yakakutoka, pengine maji yakatokea puani. Hapo shida iko juu, mdomoni na kooni, kwenye misuli na mishipa ya fahamu. Shangazi yako alipopata kiharusi ndivyo ilivyokuwa. Uji mzito ulipita, maji yakampalia, kwa sababu maji yanakimbia kuliko koo lililolegea linavyoweza kufunga njia ya hewa. Ndiyo maana tulikuwa tunamzuia kunywa maji matupu, na wewe ukadhani tunamtesa.

Kukwama ni habari nyingine. Umeshameza, tonge limepita kooni bila kelele, halafu linasimama njiani. Hapo tunazungumzia umio, lile bomba la nyama lenye urefu wa sentimita 25 hivi linalotoka kooni mpaka tumboni. Chakula hakidondoki tu humo kama jiwe kisimani. Umio unakisukuma kwa kukaza na kulegea, hata ukiwa kichwa chini miguu juu utameza. Sasa ukianza kukwamwa na vigumu peke yake, kisha vilaini, mwisho hata maji, mara nyingi njia inabanwa na kitu. Ukikwamwa na ugali na maji pamoja tangu siku ya kwanza, mara nyingi njia ni pana, ila misuli imeacha kusukuma au mlango wa chini haufunguki. Nataka kujua nyama ilitangulia kwa siku ngapi kabla ya ugali. Hukuniambia.

Babu yako pia alikuwa anakwamwa, ila yeye alionyesha kooni.

Unaikumbuka Krismasi ya 2007? Ulikuwa kidato cha tatu. Wote mlikuwa mmepanda mlimani kwetu Kilimanjaro, kihamba, lile shamba la ukoo lenye nyumba, kimejaa magari, na babu alichinja mbuzi kwa mkono wake kama kawaida yake. Alikaa kwenye kile kigoda chake akaletewa sahani ya nyama ya kuchoma. Akaanza kugawa. Kipande kwako, kipande kwa kaka yako, kipande kwa watoto wa baba yenu mdogo, mpaka sahani ikawa nyeupe. Tukasema mzee anapenda wajukuu. Mlimshangilia. Mimi nilisimama mlangoni nikaona mzee mzima amegawa nyama yote bila kutia hata kipande kimoja mdomoni, na nikatabasamu.

Nesi wa miaka 19 kazini wakati ule, mwanangu. Nilitabasamu.

Halafu akawa anataka mtori tu. Mtori asubuhi, mtori jioni. Aliwaambia majirani kwamba hakuna anayejua kuponda ndizi mshare kama mkwe wake, unapita wenyewe. Sitakuficha, nilivimba kichwa. Nilikuwa natoka zamu ya usiku nakwenda moja kwa moja jikoni. Nyama niliyoiweka aliiacha chini ya bakuli, nikasema labda ngumu, nikaanza kuisaga. Ikawa inapita. Hivyo nilimsaidia kuficha ugonjwa kwa mikono yangu mwenyewe, mwezi mzima na zaidi. Na mkanda wake alikuwa ametoboa tundu jipya kwa msumari wa moto. Niliuona mkanda. Nikasema uzee.

Januari akanishika mkono akaniambia, “Mkwe, kuna kitu hapa,” akagusa koo. Nikachukua tochi na kijiti, nikamwambia afungue mdomo. Koo safi, hakuna wekundu, hakuna uvimbe. Nikamwambia hamna kitu, baba. Siku hizi najua ambacho wakati huo sikukijua: mgonjwa anaweza kuonyesha kooni wakati kizuizi kiko chini kabisa kifuani. Akionyesha kifuani, mara nyingi ni kweli kiko kifuani. Akionyesha kooni, inaweza kuwa popote. Tochi yangu ilimulika sentimita chache za njia ndefu nikafunga kesi.

Kwa kuwa mimi nilisema koo ni zima, baba yenu mdogo akasema basi ni kimeo. Unajua watu wetu, kikohozi kisichoisha ni kimeo, mtoto asiyenyonya ni kimeo, mzee asiyemeza ni kimeo. Akampeleka tambarare kwa fundi, wakakikata kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Kinyama kisichohusika na lolote. Alirudi na kitambaa chekundu cha damu mdomoni, na wiki mbili nzima hakumeza hata ule mtori kwa maumivu. Tulidhani kidonda cha kimeo ndicho kinachomzuia, tukangoja kipone. Kikapona. Hakumeza.

Hapa nilikuwa nimeandika kwamba baba yenu mdogo ndiye aliyetuchelewesha. Nimeukata mstari huo, utauona. Yeye alimpenda baba yake na alifanya kitu, mimi niliyesoma nilifanya nini? Lakini tena alijua niko nyumbani, angeuliza. Aliuliza, nikasema koo ni zima. Basi niiache. Kama nikilazimishwa kusema ningesema, lakini hajanilazimisha mtu, na bado tunakaa naye meza moja kila Desemba.

Machi tukampeleka hospitali kubwa. Alinyweshwa bariamu, ile dawa nyeupe kama chokaa, akapigwa picha. Nilisimama nyuma ya daktari nikaona dawa inashuka pana kisha inakuwa uzi, uzi uliopindapinda, katikati ya kifua. Wakampiga kamera, ule mpira wenye kamera unaopitishwa kooni, wakachukua kipande kidogo cha umio wakipime, majibu yakaja: saratani ya umio. Daktari alinieleza kwa upole kitu ambacho sijakisahau. Umio ni laini, unatanuka, hauna kelele. Mtu huanza kukwamwa na chakula kigumu wakati upana wa njia umeshapungua hadi milimita 13 hivi. Kwa hiyo siku ile ya mbuzi ugonjwa ulikuwa tayari umekaa. Hilo lilinipa nafuu na pia halikunipa. Miezi mitatu ni miezi mitatu.

Mionzi mwaka ule wa 2008 ilitolewa Ocean Road tu, kule Dar es Salaam, na mzee alikataa kwenda kufia mbali na kihamba. Wakamwekea mpira wa kulishia tumboni. Nikawa nachuja mtori kwa kitambaa, nampa kwa bomba la sindano, polepole. Siku ya kwanza alinitazama nikisukuma, akaniuliza, “Umetia chumvi?” Nikamwambia nimetia, baba. Akasema, “Vizuri.” Nikawa natia chumvi kila siku mpaka Septemba, na kabla ya kumlisha nilikuwa nagusisha tone moja kwenye ulimi wake.

Sasa kurithi. Si ugonjwa wa kurithi kama selimundu, ambao mtoto anaupata kwa kurithi vinasaba vyake kwa wazazi wote wawili. Kwa sehemu kubwa tunachorithishana huku ni jiko. Kuna ukanda unaotoka Ethiopia, unapita Kenya, kwetu Tanzania, Malawi, hadi Afrika Kusini, ambako saratani hii ni nyingi kuliko sehemu nyingine nyingi za dunia, na sababu bado zinachunguzwa. Sigara na pombe zimo. Chai ya moto imo. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hii. Na watafiti walipopima chai ya watu huku kwetu Kilimanjaro wakati wanaanza kuinywa, wastani ulipita nyuzi 70. Unakikumbuka kikombe cha babu cha bati? Alikuwa akimiminiwa chai ya maziwa kutoka chupa anaanza kunywa mvuke bado unapanda, na ninyi mkipoozea kwenye sosa anasema mnakunywa maziwa ya ndama.

Lakini bibi yako alikunywa chai ileile, birika lileile, akaishi miaka 91. Kwa hiyo siwezi kukuambia ni chai. Wala siwezi kukuambia si chai. Wewe poozea.

Najua unachosubiri niseme. Unasubiri niseme wewe una miaka 34, hili ni la wazee. Ningependa sana. Ila Bomet kule Kenya, madaktari wa hospitali ya Tenwek wameiona saratani hii kwa watu wasiofika miaka 30, basi umri peke yake hauniridhishi. Tena yako mambo mengi mengine, na mengi yanatibika. Wewe una kiungulia tangu ujauzito wa kwanza, na tindikali ikipanda miaka na miaka inaunguza umio, unapona kwa kovu, kovu linabana. Hilo linatanuliwa. Kuna misuli ya mlango wa chini isiyofunguka, nayo inatanuliwa kwa puto au kukatwa kidogo. Kuna tezi la shingo linalokandamiza. Kuna fangasi wa umio, ambao huwapata zaidi watu wenye kinga ndogo, na huo huja na maumivu. Kuna vidonge.

Kuhusu vidonge: uliniambia ulipewa doksisaiklini, na nakujua, unameza kitandani bila maji kisha unalala. Kidonge hicho kikikaa njiani kinachoma kidonda. Mkono unaniwasha kuandika kwamba ni hicho tu, ulale usingizi. Lakini kidonda cha namna hiyo kwa kawaida kinauma zaidi ya kukwamisha, na ukiacha kidonge hupona ndani ya wiki chache. Wewe umeshafika wiki ya tano. Basi siandiki. Nilishasema “hamna kitu” mara moja kwa tochi, sitasema tena kwa kalamu.

Nenda ukapige kamera. Usianze na dawa za kiungulia ukajipa mwezi wa kuangalia, wala usikubali mtu akakutazama kooni akakuruhusu. Sema neno hili: kinakwama. Wataje siku kilipoanza na vyakula kwa mpangilio wake. Hutakula chochote kuanzia usiku, watakupulizia dawa ya ganzi kooni, mpira mwembamba unaingia, robo saa hivi wamemaliza. Wakiona kitu watachukua kipande. Wasipoona kitu, usifurahi ukaondoka, uliza kuhusu picha ya bariamu, maana kamera inaweza kupita kwenye misuli isiyosukuma bila kuona kasoro. Na kama hata mate yanakataa kushuka, usingoje kuche, nenda usiku huohuo.

Nimemwambia baba yako nakuja Dodoma Alhamisi. Amesema unajitosheleza. Najua unajitosheleza. Nakuja na ndizi mshare, lakini sitaponda mpaka nimekuona ukila wali na nyama mbele yangu.

Usinijibu habari za babu. Nijibu haya kwa ujumbe usiku huu: mara ya mwisho kula nyama bila kushushia maji ilikuwa lini, na mkanda wako unafunga tundu la ngapi.

Mama yako