Mabango hayakutusaidia kitu, mita ndiyo iliyotufumbua macho

Mkuu, umesema bosi amekukabidhi kazi ya kuifanya ofisi yenu ya watu 40 "iwe rafiki wa mazingira", bajeti hakuna, na unauliza uanzie wapi. Zigo hilo nimelibeba mwaka wa tatu sasa, kwenye ofisi inayokaribiana na yenu kwa ukubwa. Nianze na nilivyoboronga, maana na wewe uko njiani kuboronga vilevile.

Nilianza na mabango. Karatasi za rangi, picha ya mti, maneno "Fikiri kabla ya kuprinti". Nikabandika juu ya kila printa, kila swichi, hadi milango ya vyoo. Zote nilizitoa upande mmoja, kwa tona ya rangi, kisha nikazipiga laminesheni. Mhasibu wetu alizunguka akazihesabu, akapata 36, akaja kuniuliza kwa upole kabisa kama huo ndio mti tunaouokoa. Wiki mbili baadaye hakuna aliyeyaona tena. Yalishakuwa sehemu ya ukuta.

Nikahamia kwenye mapipa: moja la karatasi, moja la plastiki, moja la mabaki. Hapo watu waliitikia, nikavimba kichwa. Mpaka jioni moja nilipochelewa kutoka nikamkuta dada wa usafi anamimina mapipa yote matatu kwenye mfuko mmoja mweusi. Nikamuuliza vipi, akanishangaa mimi: "Kaka, gari linalokuja kuchukua ni moja, na linapakia pamoja. Ulitaka nizipeleke wapi?" Miezi minne tulikuwa tunaigiza, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa anajua. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kwa hiyo kabla hujanunua pipa lolote, mtafute kwanza atakayechukua kilichomo, halafu umuulize anataka nini. Sisi tulipompata mnunuzi wa karatasi chakavu, akatuambia anataka karatasi kavu na safi, basi. Tishu hataki. Vikombe vya karatasi hataki, kwa sababu ndani vina utando wa plastiki, ndio maana havivuji. Risiti za karatasi ya joto, zile zinazoingia weusi ukizikwaruza kwa kucha, nazo hataki. Hata karatasi zilizopita kwenye mashine ya kukatakata hazipendi sana, kwa kuwa nyuzi zinakuwa fupi mno. Nyuzi za karatasi hurudi kiwandani mara 5 hadi 7 hivi kabla hazijachoka, na ile mashine inazizeesha mapema. Siku hizi tunakatakata zenye siri tu. Zamani tulikuwa tunakata hadi matangazo ya vikao.

Sasa nije kwenye kilichofanya kazi. Ijumaa moja saa 12 jioni, watu wote wameshaondoka, nilisimama mbele ya mita na tochi ya simu nikaandika namba. Jumatatu saa 1 asubuhi, kabla mtu hajaingia, nikaandika tena. Saa 61, ofisi tupu, mlango umefungwa: uniti 134 (uniti moja ni kilowati moja ikiliwa saa nzima). Gawanya kwa zile saa 61, unapata kilowati 2.2 zinaliwa mfululizo, usiku na mchana, na hakuna mtu ndani. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea nukta.

Wikiendi iliyofuata nikamwomba mlinzi tuzunguke pamoja. Yeye alishajua kila kinacholia usiku. "Huku kuna kompyuta zinapumua," alisema, na kweli ukisimama gizani unazisikia feni zake. Tulikuta kompyuta 22 zimewashwa. Nyingi skrini zilikuwa zinachezesha samaki na mapovu, na wenyewe walikuwa wanaamini kabisa kwamba hiyo ndiyo hali ya kubana umeme. Sivyo. Zile picha zilibuniwa enzi za skrini za kichogo, ili picha moja isikae muda mrefu ikaunguza kioo chake. Kompyuta nyuma yake inafanya kazi kama kawaida. Inayobana umeme ni ile hali ya kulala, skrini inapokuwa nyeusi na feni inanyamaza.

Tulikuta na dispensa tatu za maji, kila moja inachemsha upande mmoja na kupoza upande wa pili, Jumamosi usiku, kwa ajili ya nani sijui. Fotokopi kubwa ilikuwa imeachwa tayari kwa kazi. Na chumba cha seva kilikuwa baridi kama mochwari: AC imewekwa nyuzi 17.

Hilo la seva ndilo lililotaka mazungumzo. Kijana wetu wa TEHAMA alikuwa amerithi 17 kutoka kwa aliyemtangulia, naye aliirithi kwa mwingine. ASHRAE, chama cha wahandisi wa mambo ya hewa na upoozaji ambacho vipimo vyake hufuatwa kwenye vyumba vya aina hiyo, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Tukakubaliana 24. Wiki ya kwanza aliweka kipimajoto juu ya seva na kukipiga picha kila saa, nadhani ili siku ya kesi awe na ushahidi. Seva haikutikisika.

Kompyuta tulizimaliza kwa mpangilio mmoja uliosukumwa kwa zote kwa mpigo: dakika 15 bila kuguswa, inalala. Wa TEHAMA walipinga mwanzoni kwa sababu masasisho hushushwa usiku. Tukaafikiana usiku wa Jumatano tu ndio ziachwe macho. Dispensa tulizichomeka kwenye taima, zinaamka saa 1 asubuhi na kulala saa 12 jioni. Ndani ya mwezi nikasoma tena mita ya wikiendi: uniti 58. Hakuna aliyehubiriwa, na wengi mpaka leo hawajui kuna kitu kilibadilika.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nguvu zangu niziweke kwenye mipangilio, tabia za watu niziache. Mtu akija kazini ana mambo yake kumi kichwani, na bango lako ni la kumi na moja. Lakini printa ikiwa imeshawekwa itoe pande mbili na nyeusi tupu, anayetaka rangi au upande mmoja ndiye anayesumbuka kubofya. Wengi hawasumbuki.

Karatasi ina hesabu moja rahisi ninayoipenda. Karatasi ya kawaida ya ofisini ni ya gramu 80 kwa mita ya mraba, na A4 kumi na sita ndizo zinazotimiza mita moja ya mraba. Kila karatasi basi ni gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kilo 2 na nusu. Ukijua mnamaliza rimu ngapi kwa mwezi, unajua ni kilo ngapi, na kilo zinaingia akilini kuliko "mamia ya kurasa". Fanya na hili: kwa siku tano kusanya kila kilichoprintiwa na hakikuchukuliwa. Mimi nilipata karatasi 410. Nyingine ilikuwa ripoti ile ile imetoka mara tatu, kwa sababu mwenyewe alidhani printa imekataa, kumbe alikuwa anatuma kwenye printa ya ghorofa nyingine. Tulipoweka utaratibu wa kuingiza pini ndipo printa itoe, hilo lilikwisha. Usilolichukua linafutika usiku.

Kuna kituko kingine cha kuprinti barua ili isainiwe, kisha iskaniwe, kisha ile karatasi itupwe. Kaeni na mwanasheria wenu mjue ni nyaraka zipi kweli zinadai wino na zipi ni mazoea tu. Na mzee wa masjala anayetaka kila kitu mkononi, mwache. Nilipoteza miezi miwili kumshawishi mtu mmoja anayetumia robo rimu kwa mwezi.

AC za ofisini ndizo zenye vita. Kwetu rimoti ilikuwa inafichwa kwenye droo kama hati ya kiwanja. Huyu anashusha 18, yule anavaa sweta, wa dirishani anafungua dirisha AC ikiwaka. Tukaweka 24 ofisi nzima, na rimoti zikarudi kwa utawala. India ilishaagiza kuanzia Januari 2020 AC mpya za vyumbani zitoke kiwandani zikiwa zimepangwa nyuzi 24, kwa hiyo si namba niliyoiota. Kelele zilitoka kwa mameneja, na hapo ndipo nilipogundua jambo: wao walikuwa ndani ya suti. Tulikuwa tunapoza suti! Serikali ya Japani iliona hilo mwaka 2005, ikaanzisha kampeni ya Cool Biz: ofisi ziwekwe nyuzi 28 wakati wa kiangazi, na watu wavue tai na makoti. Sisi 28 hatukuthubutu, lakini bosi alipotokea siku tatu mfululizo bila koti, suti nyingine zikajivua zenyewe. Bosi wako akikuuliza yeye achangie nini, mwambie hilo.

Na hapa kwenye AC kuna jambo halizungumzwi kabisa. Fundi wetu alikuwa anakuja kila baada ya miezi sita "kuongeza gesi", na sisi tunasaini tu. Mkuu, gesi ya AC haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba miaka na miaka. Ikipungua, inavuja. Na gesi yenyewe si ya kuchezea: AC nyingi zilizofungwa miaka iliyopita zina R-410A, ambayo kilo moja ikitoka hewani inapasha dunia joto sawa na kilo zaidi ya 2,000 za kaboni dioksidi, ukipima kwa kipindi cha miaka 100. R-32 inayokuja kwenye mashine nyingi mpya ni 675 hivi, nafuu lakini bado. Ndiyo sababu nchi zilikutana Kigali mwaka 2016 zikaongeza marekebisho kwenye Mkataba wa Montreal, ule wa kulinda tabaka la ozoni, ili gesi za kundi hili zipunguzwe kwa awamu. Sasa pima: mnazima taa kwa uaminifu mwaka mzima, halafu bomba moja lililolegea juu ya dari linafuta yote. Tukaandika kwenye mkataba wa fundi kwamba haruhusiwi kujaza kabla hajaonyesha panapovuja na kupaziba. Siku ya kwanza akapaka povu la sabuni kwenye kiungio cha nati, na mapovu yakaanza kuchomoza hapo hapo mbele ya macho yetu. Dakika ishirini za spana. Usisahau pia zile chujio za ndani, zioshwe. Zetu zilikuwa na vumbi nene kama blanketi, na AC yenye pua iliyoziba inafanya kazi mara mbili.

Taa sina mengi. Tyubu ya zamani ya futi nne ni wati 36, ya LED inayotoa mwanga wa kutosha mahali pale pale ni 18 hivi. Badilisheni kadiri zinavyokufa, na zile za zamani msizivunje wala kuzitupa na taka nyingine kwa sababu zina zebaki ndani. Chini ya Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, nchi zimekubaliana zisitengenezwe wala kuuzwa nje tena ifikapo mwisho wa 2027, kwa hiyo hata kama hutaki, utahama.

Kompyuta sasa. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na najua ofisi nyingi zimeambiwa mashine zote zisizopokea toleo jipya zitupwe. Msikimbilie. Sehemu kubwa ya hewa chafu ya laptopu hutoka kiwandani, kabla hujaiwasha hata mara moja, kwa hiyo kila mwaka unaoongeza kwenye maisha yake ni faida. Tulichukua mashine 9 zilizoandikwa "mbovu", tukaziwekea diski za SSD, zile za kasi, na kuongeza memori, 7 zikarudi kazini. Mbili za mapokezi zinaendeshwa na Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na anayezitumia analalamika kuhusu fonti tu. Zilizokufa kabisa tulifuta diski zake, tukazipeleka kwa mwenye kibali cha taka za kielektroniki na tukadai hati ya kupokelewa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni asilimia 22.3. Zinazobaki zipo mahali, na mara nyingi ni chini ya ngazi za ofisi kama ya kwenu. Kachungulie.

Safari za kikazi na watu kuja ofisini kila siku sijavigusa, maana kwetu uamuzi huo uko juu ya uwezo wangu. Ikiwa wewe unasikilizwa huko juu, ligusie.

Ila kwa wiki hii fanya moja tu. Ijumaa jioni soma mita, Jumatatu asubuhi isome tena, halafu uweke hapa namba zote mbili pamoja na orodha ya AC na seva mlizonazo. Tutaitafuta pamoja inayokula usiku. Na dada wa usafi wenu muulize mapipa yanaishia wapi, kabla hujaagiza hata moja.