Modemu ya simu ikikatikakatika, anza na saa

Vijana mnaoanza ufundi, wengi wenu mmekulia kwenye simu za mkononi na faiba. Hata hivyo, modemu za laini ya simu, vifaa vinavyopitisha data kwenye waya wa simu, bado mtakutana nazo: kwenye mitambo ya mbali, kengele za ulinzi, mashine za kadi za zamani. Hata huko Marekani, kampuni ya intaneti ya AOL ilifunga huduma yake ya intaneti ya kupiga simu tarehe 30 Septemba 2025 tu.

Mteja atakuambia, "Inakatika kila saa." Usianze kufungua mashine kwa maneno hayo. Mpe daftari aandike saa iliyounganika, saa iliyokatika, na kilichokuwa kinaendelea pale ofisini. Baada ya siku mbili tatu, rudi ulisome. Kama inakatika dakika 20 zilezile baada ya mtu kuiacha kompyuta, huo ni mpangilio wa kukata laini isipotumika. Uzime, kazi imekwisha. Kama inakatika kila baada ya muda uleule hata ikiwa inatumika, muulize mtoa huduma kama ameweka kikomo. Inakatika saa za watu kupigiana simu? Huenda ni ule mlio unaojulisha kwamba kuna simu nyingine inangoja: ukiingia katikati, modemu hupoteza mawimbi na kukata. Kampuni ya simu inaweza kuuondoa. Au kuna mtu chumba cha pili anayenyanyua mkonga wa simu iliyo kwenye laini hiyohiyo. Hilo hutokea sana, na hakuna anayelisema mpaka uulize.

Ikikatika wakati wa mvua, kosa limo kwenye waya, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Chukua simu ya kawaida yenye waya, uichomeke mahali pa modemu. Bonyeza tarakimu moja ili mlio wa kupigia unyamaze, kisha sikiliza kwa sekunde chache unazopata. Laini isiyo na kosa huwa kimya. Ukisikia kukwaruza kama samaki anayekaangwa, kuna kiungo kilicholegea au kilichoingia maji. Ukisikia mvumo mzito usiobadilika, tazama kama waya wa simu umepitishwa sambamba na waya wa umeme, au ni mrefu kupita kiasi na umekunjwa nyuma ya kabati. Kisha nenda kwenye kisanduku cha kwanza, pale laini inapoingia jengoni, tenga nyaya zote za ndani na usikilize tena. Kelele ikiisha, ubovu ni wa ndani, ni wako. Ikibaki, ni wa kampuni ya simu.

Kwa sisi wa Pwani, fungueni visanduku vyote vya ukutani hata kama vinaonekana vizima. Hewa ya chumvi hula shaba. Utakuta ncha imegeuka kijani, au waya mbili zimesokotwa kwa mkono na kufungwa seloteipu. Kata mpaka uione shaba inayong'aa, kisha unga upya kwa kiungio cha kubana. Msifanye hivyo radi ikipiga, wala kwa mikono mibichi: laini iliyotulia ina takriban volti 48, na simu inapoita hupanda zaidi.

Waya ukiwa safi na bado inakatika, ndipo ugeukie modemu. Kwenye mipangilio yake ya ziada andika S10=50. Namba hiyo huhesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde, kwa hiyo modemu itavumilia kupotea kwa mawimbi kwa sekunde 5 kabla ya kukata. Modemu nyingi huja na 14 tu, yaani sekunde 1.4. Jambo la pili ni kushusha kasi. Kiwango cha mawasiliano ya modemu kiitwacho V.90, cha mwaka 1998, kinafika kilobiti 56 kwa sekunde, lakini kinadai laini safi sana. Laini za nguzo za zamani haziwezi. Modemu nyingi hukubali amri +MS=V34, inayoishia 33.6. Mimi napendelea 28.8 inayodumu asubuhi nzima kuliko 48 inayokatika kila robo saa, na mteja akishaona barua zake zinaenda bila kurudiwa hukubali mwenyewe.

Modemu za ndani zinazotegemea programu nazo huyumba kompyuta ikilemewa. Jaribuni ya nje.

Mkilazimika kuita kampuni ya simu, msiwaambie intaneti inakatika. Kwa kawaida wanachodhamini kwenye laini ile ni sauti ya mazungumzo, na watakujibu kwamba intaneti si kazi yao. Waambie kuna kelele kwenye simu, inasikika kwenye kisanduku cha kwanza nyaya za ndani zikiwa zimetengwa, na uwasomee saa zilizo kwenye daftari.