Matundu ya kompyuta si bandari

SWALI: Nafundisha kompyuta katika shule ya sekondari. Kitini tunachotumia kinasema: "Nyuma ya kompyuta kuna bandari mbalimbali, na taa zinazowasha kuonyesha kuwa mtandao upo." Wanafunzi waliangua kicheko, mmoja akauliza meli zinatia nanga wapi. Niseme nini?

JIBU: Huyo aliyeuliza kuhusu meli mpe maksi zake. Mwandishi wa kitini alifungua kamusi, akakuta "port" ni bandari, akaifunga. Kumbe Kiingereza kina maneno mawili yaliyovaa kanzu moja: moja linatokana na Kilatini portus, mahali pa meli, na jingine porta, yaani lango. Kompyuta ilichukua hilo la pili. Bandari yetu tuliipata kwa Waajemi, ikaja na majahazi, na haijawahi kuwa mahali pa kuingiza waya.

Mimi nasema tundu. Tundu la USB, tundu la kebo ya mtandao, matundu ya sauti. Najua Tanzania kuna watakaonuna, maana kila ripoti ya shule inahesabu "matundu ya vyoo". Lakini tuna pia tundu la ufunguo na tundu la sindano, na hayo hayamchekeshi mtu. Tena neno limekaa pake: tundu ni uwazi wenye kazi, unaopitisha au kupokea kitu. Shimo lina kina, mtu hutumbukia; ukisema "shimo la USB" nitatafuta jembe. Tobo nalo aghalabu ni la kuharibika, kama la ndoo au la shati. Mafundi wengi husema "poti", nami siwagombezi, mradi wasirudi bandarini.

Kitenzi chake ni kuchomeka, na kinyume chake kuchomoa. Mwanafunzi akishika waya wa spika mwambie: "Chomeka kwenye tundu la kijani, lile la waridi ni la maikrofoni." Kwenye kompyuta nyingi za mezani ndivyo rangi zilivyo. Zile kuukuu zina pia matundu mawili ya duara, la zambarau kwa kibodi na la kijani kwa kipanya, kwa hiyo ukisema "la kijani" peke yake, mtu anaweza kuhangaika na spika kwenye tundu la kipanya. Taja na kazi yake.

Watu wa mitandao wana "port" nyingine isiyoshikika, ile ya namba inayoelekeza data kwenye programu inayohusika, kama 80 na 443 zinazotumiwa na tovuti. Hiyo haina tundu la kuchomeka chochote. Hapo lango linafaa zaidi.

Sasa taa. "Taa zinazowasha" ni kosa ninalolikuta hata kwa watu wazima wenye shahada. Upupu unawasha. Mtu anawasha taa. Taa yenyewe inawaka. Ikikata, imezimika, wengi husema "imezima", na katika mazungumzo sisumbuki nalo, ila kwenye kitini andika "imezimika".

Kazi iko kwenye ile taa isiyotulia. Tazama tundu la kebo ya mtandao: mara nyingi lina vitaa viwili, kimoja kinawaka moja kwa moja kebo ikishika, kingine kinawaka na kuzimika haraka haraka data zinapopita. Hicho cha pili kinafanya nini? Nimesikia "kinakonyeza", lakini kukonyeza kuna nia ndani yake, na kitaa hakina siri na mtu. Kumetameta ni kwa nyota na dhahabu. Mimi nachukua kupepesa, kama tunavyopepesa macho bila kukusudia: "kitaa kinapepesa". Asiyelipenda aandike "kinawaka na kuzimika", ni refu lakini halipotoshi.

Na uwaonyeshe wanafunzi kwamba taa kuwaka na kompyuta kuwaka si jambo moja. Kompyuta nyingi, hata zikiwa zimezimwa, vitaa vya mtandao huendelea kuwaka maadamu waya wa umeme umechomekwa. Ndiyo maana fundi kwenye simu huuliza mara mbili:

"Taa inawaka?"
"Inawaka."
"Na kompyuta yenyewe imewaka?"
"Ah, hiyo bado."