Outlook 2003 inayojifunga yenyewe kila ukiifungua

Ndugu, usihangaike kununua RAM kwanza, angalia ukubwa wa faili la PST, yaani faili ambalo Outlook, programu ya barua pepe, huhifadhia barua zako. Faili la muundo wa zamani, lililotengenezwa na Outlook 2002 kurudi nyuma, mwisho wake ni GB 2, na likikaribia hapo huharibika. Kulifungua kwa Outlook 2003 hakubadilishi kitu, kikomo kinabaki kilekile. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, na mashine kuukuu zikija na shida hii nikitazama faili nakuta GB 1.9 na ushee.

Kabla ya yote linakili faili hilo kwenye flashi. Tafadhali usiruke hapa, barua za miaka zikipotea hazirudi. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika outlook.exe /safe. Ikifunguka vizuri, basi mkosaji ni programu ya nyongeza iliyojipachika humo, mara nyingi ya antivairasi, izime. Ikigoma, itafute scanpst.exe (programu ya kurekebisha faili la PST) kwenye diski C, ielekeze kwenye lile faili, iache ifanye kazi hata kama ni saa nzima.

Likishapona, tengeneza faili jipya la PST la muundo mpya (hilo kwa kawaida linafika GB 20) uhamishie barua humo. Kufuta barua peke yake hakupunguzi faili mpaka ubonyeze Compact Now, kitufe cha kubana faili.

Ila kama diski yenyewe inagonga-gonga, usiiendeshe scanpst. Okoa data kwanza.