Vyeti tumevikagua, ujuzi je?

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni: baada ya mageuzi ya miaka yote hii, utumishi wa umma Tanzania bado unapungukiwa nini? Jibu langu ni mafunzo kazini, na nawataja hasa walio ngazi ya chini: mtendaji wa kijiji, mwalimu mkuu, tabibu anayesimamia zahanati.

Nimestaafu nikiwa afisa utumishi wa halmashauri, kwa hiyo mageuzi nimeyaona yakishuka kwa njia ya nyaraka. Ilikuja sheria ya wakala za serikali ya 1997, kisha Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002, baadaye Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosimamia kuajiri watumishi wa umma. Yote yalihitajika, na Sekretarieti naiunga mkono hadi leo.

Kinachonisumbua ni namna tunavyoupima uwezo wa mtu. Mwaka 2017 uhakiki uliwakuta watumishi 9,932 na vyeti vya kughushi. Waliodanganya walistahili kuondoka. Lakini katika wimbi hilohilo waliondolewa pia watu wa darasa la saba, wakiwemo watendaji wa vijiji na madereva, ambao hawakughushi chochote. Wengi waliajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, sharti la mwajiriwa kuwa na elimu ya kidato cha nne lilipoanza. Mwaka 2018 serikali iliagiza hao warejeshwe, na ilitenda haki. Mtendaji aliyeandika mihtasari ya mikutano na kuamua ugomvi wa mipaka ya mashamba miaka mingi alikuwa na ujuzi ambao haukuandikwa popote. Kumrudisha kazini ilikuwa nusu ya haki yake. Nusu ya pili ni kumpeleka Hombolo, kwenye Chuo cha Serikali za Mitaa, hata kwa kozi fupi, na hilo wengi wao bado wanalisubiri.

Sasa mtazameni tabibu wa zahanati. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya, unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Uamuzi mzuri sana, kwa sababu dawa hazisubiri tena saini ya wilayani. Ila tabibu huyu alisomea malaria na kuhara. Leo anaandaa bajeti, anaingiza mapato na matumizi kwenye FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za vituo, na tangu 2023 manunuzi yanapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Anafanya hayo jioni, baada ya wagonjwa, mtandao ukikubali. Akikosea, anapata hoja ya ukaguzi. Na mara nyingi semina ya mfumo wenyewe ilihudhuriwa na wakuu wa idara, yeye akaletewa kabrasha.

Kanuni zinamtaka mwajiri awe na mpango wa mafunzo. Mipango hiyo huandikwa. Bajeti ikibana, kasma ya mafunzo, yaani fungu lake la fedha, ndiyo ya kwanza kufyekwa, na hapo hakuna anayeulizwa.

Ningeomba mambo mawili. Mfumo mpya usiwashwe kituoni kabla anayeutumia hajafundishwa hapohapo kituoni, kwa Kiswahili, kwa takwimu zake mwenyewe. Na mkurugenzi wa halmashauri, anapopimwa utendaji wake mwisho wa mwaka, aulizwe ni watendaji na matabibu wangapi wa vijijini aliowapeleka masomoni, na kasma yao ilikwenda wapi.