Mpangaji wa duka halipi, benki nayo inapiga simu

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Mimi niko Nakuru, niko na ploti ya maduka manne chini na vyumba vya kuishi juu, nilijenga na loni ya benki nikistaafu na taito iko kwao mpaka leo. Instolmenti ni 120,000 kila mwezi. Kila duka ni 40,000, zikiingia zote napumua, vile vyumba vya juu vinalipia maji, takataka na keteka (mtunza ploti). Sasa mwenye hoteli ana miezi mitano hajalipa, kila siku ni mama ngoja wikendi, wa saluni naye anatuma 5,000 leo 10,000 wiki ijayo, wale wawili wengine wanalipa lakini naona wameanza kuwaangalia wenzao. Agrimenti hatukuandika, tuliaminiana tu. Benki washanipigia mara mbili. Kijana wangu anasema tutie kufuli Jumapili usiku tubebe friza na meza tuuze. Nifanye?
– Landlady, Nakuru

JIBU: Mama pole sana, na pole ya ukweli, maana watu wakisikia mtu ana ploti mjini wanadhani pesa zinamwagika, hawajui hiyo ploti inalala kwa benki na wewe ndio unakosa usingizi.

Kufuli hapana. Mwambie kijana aiwache kabisa. Mpangaji wa biashara asiye na agrimenti ya maandishi ndiye sheria inamlinda zaidi, iko kwa Cap 301, ile sheria ya maduka na hoteli, na hata walio na agrimenti ya miaka mitano kurudi chini wako ndani humo (ndio maana mawakili wengi huandika lisi ya miaka mitano na miezi mitatu). Ukimfungia, ataenda kwa Business Premises Rent Tribunal, ile korti ya renti za biashara inaitwa BPRT, apate oda ya kufunguliwa, halafu wewe unayedai ndio unaanza kudaiwa fidia. Vitu vyake pia huwezi kubeba hivyo, unaomba ruhusa ya BPRT kwanza halafu oksheneri mwenye leseni ndiye anachukua. Na hiyo friza kuukuu na sufuria, zikiuzwa kwa mnada hazitafika 200,000 anazokudai, hiyo nakwambia wazi.

Kabla ya mpangaji, nenda benki, na uende wiki hii. Wengi hukimbizana na mpangaji miezi sita huku wanazima simu za benki, na saa ya benki inatembea. Ukikosa kulipa mwezi mzima wanaweza kukupa notisi ya miezi mitatu chini ya Land Act ya 2012, ikiisha wanatoa ya kuuza ya siku 40, halafu oksheneri anakupa siku 45. Jumla ni karibu miezi sita, inaonekana mingi lakini deni likifika siku 90 bila kulipwa linahesabiwa limeharibika na jina linaenda CRB, kule benki huangalia nani halipi madeni, na hapo hakuna benki nyingine itakusikiliza. Ukienda sasa, bado unaitwa kastama mzuri. Beba rekodi ya renti ya mwaka mzima, hata kama ni daftari na meseji za M-Pesa, uombe wapangue loni upya: ulipe riba peke yake kwa miezi kadhaa, ama waongeze muda instolmenti ishuke. Itakuwa ghali zaidi mwisho wa safari, hilo lijue, lakini ploti inabaki yako. Na uwaulize swali moja bila kuogopa. Riba ya Benki Kuu ilikuwa 13% mwezi wa pili 2024, kufika katikati ya 2025 ilikuwa imeteremka chini ya 10%, yako imeteremka na ngapi?

Sasa mwenye hoteli. Usimpigie simu, nenda ukae pale saa moja asubuhi uagize chai. Kama chapati zinatoka moto na watu wa boda wanapanga laini, pesa iko ila haikufikii, na mtu wa hoteli anashika pesa kila siku kwa hivyo naye alipe kila siku. 2,000 kwa siku 26 ni 52,000, yaani renti ya mwezi na 12,000 ya deni, deni lote litaisha karibu mwaka na nusu. Mwandikiane, namba za kitambulisho, shahidi, sahihi. Lakini ukikuta jiko baridi na friji imezimwa, huyo ameisha, usimkamue. Muongee aondoke kwa amani arudishe funguo kwa maandishi, hata ukimsamehe nusu ya deni. Inauma najua, lakini duka likipata mtu mpya mwezi ujao umeokoa zaidi ya vile ungepata kwa kesi.

Akikataa yote mawili, mpe notisi kwa fomu rasmi ya Cap 301, si barua ya mkono. Kuchelewesha renti miezi miwili ni sababu inayokubalika, notisi lazima impe angalau miezi miwili, na akiipinga kule BPRT, notisi inasubiri uamuzi. Mtafute wakili kwa hiyo fomu pekee, kosa dogo tu inatupwa.

Wa saluni mwache aendelee, anajaribu. Mwandikie risiti kila akituma.

SWALI: Niko Kisumu na jengo la ofisi, nimesajiliwa VAT, ile kodi ya mauzo. Mpangaji mkubwa hajalipa tangu Januari na KRA, watu wa ushuru, wanataka 16% ya pesa sijaona na macho. Ni haki kweli?
– Amechoka, Kisumu

JIBU: Ndugu yangu, ndivyo sheria ilivyo na mimi naona inaumiza. Renti ya biashara inalipiwa VAT ukipitisha mauzo ya milioni 5 kwa mwaka, na VAT inaanza ukitoa invoisi, si ukilipwa. Ofisi ya 200,000 ni 32,000 kutoka mfukoni mwako kufika tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kurudishiwa VAT ya deni bovu kupo lakini ni hesabu ya miaka, usiiweke kwa bajeti. Usiache kutoa invoisi ukijificha, faini itakuja juu yake. Ukikubali kumpunguzia renti, andikianeni na utoe kredit noti (hati ya kupunguza invoisi) ya ile sehemu, hapo VAT nayo inashuka. Kwa ushuru wa mapato, maduka na ofisi hayako kwa ile 7.5% ya nyumba za kuishi, unalipa kwa faida, kwa hivyo riba ya loni, land rates na ripea zote zitoe kwanza, na deni ambalo umelifuata likashindikana kabisa unaweza kulitoa pia, bora uwe na barua zinazoonyesha ulidai.