Redio ya babu imekaa stoo miaka? Usiichomeke kwanza

Kila nikisikia mtu anasema nimeikuta redio ya marehemu babu, nimeichomeka ikalia kidogo ikazima, roho inaniuma, maana na mimi ya babu yangu niliiunguza hivo hivo. Ilikua redio ya mbao, ya vali (zile taa za vioo za ndani), ya miaka ya 50, ndo ile tuliyokua tunaizunguka jioni pale Tanga kusikiliza idhaa ya Kiswahili ya BBC na hakuna mtoto anaruhusiwa kugusa kitufe. Babu alipofariki ikakaa juu ya kabati karibu miaka 20. Siku hio nikaifuta vumbi nikachomeka, vali zikawaka rangi ya chungwa, sauti ikatoka, nikamwita mama aje asikie. Dakika 10 hazijaisha ikaanza kuunguruma, afu harufu ya nta inayoungua, afu kimya. Transfoma ya spika imekwenda.

Mzee mmoja fundi ndo alinifungulia akanionyesha, na kuanzia hapo nikaipenda hii kazi. Vitu vya ndani ya redio havizeeki pamoja. Watu wengi wanakimbilia kulaumu vali, wakati zenyewe ndo ngumu kuliko vingi humo ndani. Vali hata ikae stoo miaka 50 haidhuriki mradi hewa haijaingia. Angalia juu ya kioo kwa ndani kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia, likishageuka jeupe kama maziwa ujue hewa imeingia, hio haifai tena.

Kinachoua ni kapasita, vile vidude vinavyoshika chaji ya umeme. Zile za karatasi na nta zinanyonya unyevu, na sisi wa pwani unyevu tunaujua, mwisho zinaanza kuvujisha umeme. Iliyo mbaya kuliko zote ni ile inayopitisha sauti kwenda vali ya mwisho, kwenye redio nyingi za wakati ule ni EL84. Ikivujisha, volti za juu zinaingia kwenye gridi, yaani sehemu ya vali inayoongoza umeme upite kiasi gani, vali inapitisha umeme kupita kiasi, inachemka, na transfoma ya spika inaungua nayo. Ndo kilichonikuta mimi. Kwahiyo hio moja badilisha kabla hujawasha kabisa, hata kama kwa macho inaonekana nzima, weka ya plastiki ya uwezo uleule, ya volti 400 au 630.

Kapasita zile kubwa za kopo zina dawa ya majimaji ndani na inakauka taratibu, joto ndo adui yake, kwa kawaida kila likipanda nyuzi 10 maisha yake yanakua nusu. Na zikikaa bila umeme ile ngozi ya oksidi ndani inapungua, ukizipa volti zote ghafla zinachemka na zinaweza kupasuka. Kuna mafundi wanazirudisha kwa kuzipa volti kidogo kidogo kupitia rizista (kile kidude kinachopunguza umeme), inawezekana kama haijavimba wala kuvuja, ila redio ya kusikiliza kila siku mi nabadilisha tu. Rizista za kaboni nazo zinapanda thamani, ya kilo-ohm 100 unaikuta inasoma 150, yeyusha risasi unyanyue mguu wake mmoja ndo upime.

Za transista za miaka ya 60 zina ugonjwa wao. Kama ndani kuna transista za AF114 hadi AF117, ndani ya kile kikopo huwa vinaota vinyweleo vya bati vinagusa ganda na kupiga shoti, redio inakua bubu. Ina miguu minne, mmoja ni wa ganda, ukate huo na mara nyingi inarudi kulia. Na betri toa jamani, ziki­vuja zinakula springi na waya zote.

Siku ya kuwasha pitisha umeme kwenye balbu ya zamani ya waya, wati 60, sio LED. Ikiwaka kidogo ikafifia, sawa, ikibaki inawaka kwa nguvu kuna shoti, chomoa. Angalia na kile kiteuzi cha volti nyuma, nyingi ziliachwa 220, wewe weka 240 kama ipo. Na ukiona vali zinaanza na herufi U, mfano UCH81 au UL84, hio haina transfoma ya umeme, chesisi yenyewe, lile fremu la chuma la ndani, inaweza kuwa na umeme wa ukutani, usiiguse ikiwa imechomekwa, na hata ukishachomoa kapasita kubwa bado zinashika chaji, zimalize kwanza kwa rizista.

Ya babu nilikuja kupata transfoma kwenye redio bovu nyingine, nikabadilisha kapasita zote za nta na EL84. Vali nyingine nne ni zilezile alizoziacha yeye, na jioni mama ndo anaiwasha.